Waya, jicho au redio: flashi ya kwenye stendi ipokee amri kwa njia ipi?

Flashi iliyosimama kwenye stendi, mbali na kamera, hupata amri ya kuwaka kwa njia tatu: waya unaotoka kwenye kamera, jicho linaloona mwanga wa flashi nyingine, au triga ya redio, yaani kifaa cha kutuma amri bila waya. Zote tatu zinafanya kazi, na zote tatu hugoma, kila moja kivyake. Waya hugoma kwa kukatika, na ukishakatika unajua. Jicho hugoma kwa kuona kitu lisichotakiwa kukiona. Redio hukosa pigo moja katika kumi, halafu hutengamaa kabla hujajua tatizo lilikuwa nini, na hapo ndipo nusu saa ya mpiga picha inapopotelea. Anayechagua ajiulize kwanza: kwa kazi zangu, mgomo upi ninaweza kuumaliza wageni wakiwa wamekaa wananitazama?

Hapa "pigo" ni flashi kuwaka mara moja, "kujaa" ni muda kati ya pigo moja na taa ya utayari kuwaka tena, na "kiti" ni pale juu ya kamera panapochomekwa flashi au triga.

Kabla ya kulaumu njia ya amri

Sehemu kubwa ya lawama wanazotupiwa triga si zao. Fanya majaribio matatu kwa mpangilio huu, hayamalizi dakika moja:

1. Bonyeza kitufe cha majaribio kilicho kwenye flashi yenyewe. Isipowaka, tatizo ni betri, joto au flashi. Waya na redio viache kwanza.
2. Flashi ikiwaka kwa kitufe chake, bonyeza kitufe cha majaribio cha triga. Isipowaka hapa, tatizo liko kati ya triga na flashi: chaneli (namba ya njia ya redio), kundi (herufi ya kugawia flashi), umbali, betri za triga.
3. Ikiwaka kwa triga, piga shata. Isipowaka hapa peke yake, tatizo ni kamera au kiti chake.

Jaribio la tatu ndilo linalosahaulika, kwa hiyo tukae nalo kidogo. Kamera nyingi zisizo na kioo haziwashi flashi kabisa zikiwa kwenye shata ya kielektroniki, ile ya kimya. Mtu ameiwasha kanisani wakati wa ibada ili mlio usisikike, kafika ukumbini, kaisahau. Kwa Canon za DSLR (zenye kioo ndani), ukipiga kwa kutazama skrini huku menyu ya upigaji wa kimya iko kwenye Mode 1 au Mode 2, flashi isiyo ya Canon haiwaki. Izime menyu hiyo. Na Canon 1500D (kwingine huuzwa kama 2000D), 3000D (au 4000D) na 250D (au 200D II) zilitengenezwa bila pini ya katikati ya kiti. Triga inayotegemea pini hiyo peke yake haitapata chochote kutoka kwenye kamera hizo, hata iwe mpya kutoka kwenye boksi. Watu wamebadilisha betri, wakanunua triga ya pili ya aina ileile, hali ikabaki palepale. Kwa kamera hizo, tafuta triga ambayo mtengenezaji ameitaja wazi kuwa inazikubali.

Kisha kuna kiti chenyewe. Triga isukume mbele mpaka igote, ndipo uikaze. Kiti cha Sony cha tangu 2012 kina vijipini vidogo vilivyojificha chini ya ukingo wa mbele, na milimita moja ya pengo inatosha kuvikosesha mguso. Kwa wanaofanya kazi Mombasa, Tanga au Zanzibar, unyevu na chumvi hufanya pini zipoteze mng'ao. Futa kwa kifutio cha penseli, pangusa vumbi lake, kisha malizia kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili. Jeli ya kutakasia mikono haifai, huacha utando.

Jambo la mwisho: picha yenye utepe mweusi chini au juu haina maana kwamba flashi imegoma. Flashi imewaka, ila shata ilikuwa haijafunguka yote au imeshaanza kufunga. Shusha spidi.

Vigezo

Njia zote tatu tutazipima kwa mambo haya: uhakika wa kuwaka, umbali na vizuizi, spidi ya shata inayoruhusiwa, namna inavyogoma na unavyoitibu papo hapo, na vipuri unavyotakiwa kubeba. Bei tumeiacha, inabadilika kila mzigo mpya unapoingia dukani.

1. Waya

*Uhakika.* Kamera inapofungua shata, hugusanisha nyaya mbili, basi. Hakuna betri ya triga, hakuna chaneli, hakuna jirani wa kuingilia. Waya mzima huwasha flashi kila mara.

*Umbali na vizuizi.* Mwisho wa waya ndio mwisho wako. Mita 5 zinatosha chumba cha studio. Ukumbini mita 5 ni mtego wa miguu. Ukilazimika, zungusha waya mara moja kwenye mguu wa stendi na uufunge kwa utepe, ili mtu akijikwaa avute mguu wa chini badala ya kuangusha flashi yote. Mguuni weka mfuko wa mchanga au dumu la maji la lita 5.

*Spidi ya shata.* Unapata spidi yote iliyoandikwa kwenye kamera, 1/200 au 1/250, kwa kuwa hakuna ucheleweshaji wowote njiani. Waya wa TTL (mfumo wa kamera kujipimia yenyewe nguvu ya flashi), ule wa kujikunja kama wa simu ya mezani, hupeleka pia vipimo vya mwanga, lakini ni mfupi.

*Unavyogoma.* Hukatikia ndani, sentimita chache kutoka kwenye plagi, pale unapokunjwa kila siku. Dalili yake ni flashi inayowaka ukiushika waya namna fulani na kukataa ukiuachia. Ikiwaka yenyewe bila kuguswa, nyaya mbili za ndani zimegusana. Plagi ndogo ya duara inayoitwa PC (jina lilitoka kwa shata za Prontor na Compur, halihusiani na kompyuta) hulegea haraka sana, na hicho ndicho kidonda cha mfumo wote wa waya. Unaweza kuibana ukingo wake kidogo mno kwa koleo, robo ya nguvu unayodhani inahitajika. Plagi ya milimita 3.5 na ile nene ya milimita 6.35 ya flashi za studio ni imara zaidi. Ukiwa na chaguo, PC iwe upande mmoja tu.

Kuupima waya: uache umechomekwa kwenye flashi iliyojaa, utoe kwenye kamera, halafu gusanisha sindano ya katikati ya plagi na ukingo wake kwa klipu ya karatasi. Flashi ikiwaka, waya ni mzima na tatizo liko kwenye kamera. Usifanye hivyo kwa flashi ya zamani kabla ya kuipima. Baadhi ya flashi za zama za filamu zina zaidi ya volti 200 kwenye pini ya amri, wakati za leo nyingi ziko karibu na volti 5. Weka mita ya fundi kwenye DC, washa flashi ijae, gusa pini ya katikati kwa ncha nyekundu na ukingo wa mguu kwa nyeusi, usome. Kisha linganisha na kikomo cha kamera yako kwenye kitabu chake. Kamera fulani za mwanzo za dijitali zilitaja volti 6 tu, na bodi ya kamera haitoi onyo kabla ya kuungua.

*Vipuri.* Waya wa pili wa aina ileile, na adapta ya kuchomeka kwenye kiti kama kamera haina tundu la PC. Kamera nyingi za bei ya chini hazina. Kumbuka pia kwamba adapta ya kawaida hutegemea pini ya katikati, kwa hiyo 1500D na wenzake hawamo.

*Unamfaa nani.* Studio ya picha za pasipoti, meza ya kupigia picha za bidhaa, popote ambapo stendi haihami na watu hawapiti kati.

2. Jicho

*Uhakika.* Flashi nyingi za kisasa, hata za bei ndogo kama Yongnuo YN560 au Godox TT600, zina jicho ndani yake: kidirisha mbele ya mwili wa flashi. Liweke kwenye S1 na flashi itawaka pindi ionapo mwanga wa ghafla wa flashi nyingine. S2 hufanya vivyo hivyo, ila hupuuza pigo la kwanza la kupimia mwanga. Kwenye chumba chenye kuta nyeupe, jicho halikosei. Nje ya hapo huanza maswali.

*Umbali na vizuizi.* Ndani ya chumba mwanga hugonga kuta na dari ukafika hata nyuma ya nguzo. Kwenye ukumbi mkubwa wenye mapazia meusi, au nje, jicho linahitaji kuiona kamera moja kwa moja, na jua la mchana huufunika ule mwanga mdogo linaoutafuta. Kosa la kawaida ni kuielekeza flashi yote, mwili na kichwa, kwa mhusika, jicho likatazama ukuta. Kichwa cha flashi huzunguka. Ugeuze mwili ili kidirisha kitazame kamera, kisha kizungushe kichwa kimtazame mhusika. Ukiwa na softiboksi, hakikisha kitambaa chake hakijafunika kidirisha.

*Spidi ya shata.* Ucheleweshaji ni mdogo sana, hutausikia. Spidi ya kawaida ya kamera inatosha.

*Linavyogoma.* Mgomo maarufu kuliko wote ni huu: macho yako yameona flashi ikiwaka, picha imetoka nyeusi. Flashi ya kwenye kamera ilikuwa kwenye TTL. TTL hupiga pigo dogo la kupimia kabla shata haijafunguka. Jicho la S1 likaliona, flashi ya stendi ikawaka yote wakati huo, na shata ilipofunguka ikawa imeshajimwaga inajaa upya. Tiba ya uhakika ni kuiweka flashi ya kamera kwenye M (nguvu unayoipanga mwenyewe) na stendi kwenye S1. Kama kamera haikuruhusu M, jaribu S2, na uzime kipengele cha kuondoa macho mekundu, kwa kuwa hicho huongeza mapigo ya awali na S2 hupoteza hesabu.

Mgomo wa pili ni utiifu uliopita kiasi. Jicho humtii yeyote. Mjomba wa bi harusi mwenye kamera yake atakuwashia flashi, mpiga picha wa upande wa pili atakuwashia, na taa za DJ za kumetameta zinaweza kuitesa mpaka betri iishe kabla keki haijakatwa. Taa za simu kwa kawaida haziliamshi. Ni LED, na mwanga wake hauruki kwa ghafla kama wa xenoni. Taa ya video inayowaka muda wote nayo haina neno.

Kulipima ni rahisi: simama mita 1 mbele ya kidirisha, piga flashi nyingine kwa kitufe. Likiitikia kwa mita 1 na kukataa kwa mita 8, jicho ni zima, mwanga ndio haufiki. Ongeza nguvu ya flashi ya kamera au uielekeze darini.

*Vipuri.* Hakuna cha kununua, jicho tayari limo ndani. Kwa flashi isiyo nalo kuna vijicho vya kuchomeka, lakini navyo vina kikomo cha volti, kisome kwanza.

*Linamfaa nani.* Chumba chako mwenyewe, flashi ya pili ya kuangazia mandhari ya nyuma, na kama akiba siku redio inapokuangusha. Penye wapiga picha wawili wenye flashi, sahau.

3. Redio

*Uhakika.* Triga kwenye kamera hutuma ujumbe, flashi huupokea kupitia risiva iliyochomekwa au iliyomo ndani yake. Mifumo mingi ya sasa iko kwenye masafa ya GHz 2.4. Ikipangwa vizuri ni njia yenye uhuru kuliko zote: unabadilisha nguvu ya kila flashi ukiwa umesimama ulipo. Lakini ndiyo yenye sababu nyingi zaidi za kugoma, na nyingi hazionekani kwa macho.

*Umbali na vizuizi.* Boksi litakuambia mita 100. Hizo ni za uwanja mtupu. GHz 2.4 humezwa na maji, na mwili wa binadamu sehemu kubwa ni maji. Umati wa watu 60 wanaocheza kati yako na stendi ni ukuta. Inua flashi juu ya vichwa, mita 2.2 au zaidi, na stendi uihamishe kutoka nyuma ya spika, mlango wa chuma au ukuta wa mabati. Kutumia jicho nyuma ya nguzo ndani ya chumba cheupe wakati mwingine huishinda redio nyuma ya chuma, ingawa wengi hudhani kinyume.

*Spidi ya shata.* Ujumbe unachukua muda kidogo kufika, hasa kwa triga rahisi zisizo na TTL. Ukiona utepe mweusi kwa 1/250, shuka 1/200, kisha 1/160. Kupita spidi ya kawaida ya kamera unahitaji HSS (flashi kuwaka kwa spidi za shata za juu zaidi), na HSS inafanya kazi pale tu triga, flashi na kamera vinapoelewana kwa mfumo mmoja. Pia inakula nguvu nyingi ya flashi.

*Inavyogoma.* Tuanze na yanayotokea zaidi.

Chaneli zimehama. Vitufe hubonyezwa ndani ya begi. Triga iko chaneli 7, flashi iko 1, au kundi B badala ya A. Funga vitufe kama triga ina kufuli, na uandike chaneli kwa kalamu kwenye utepe uliobandikwa mgongoni mwa kila kifaa.

Jirani yuko chaneli yako. Wapiga picha wawili wenye Godox, wote wameacha mipangilio ya kiwandani, kila mmoja anawasha flashi za mwenzake. Dalili: flashi yako inawaka ukiwa hujagusa kitu, kisha ukiihitaji inakuwa inajaa. Mfumo wa X wa Godox una chaneli 32, na juu yake ID (namba ya utambulisho) kuanzia 1 hadi 99. Weka ID ileile kwenye triga na kwenye kila flashi; baadhi ya flashi za zamani za mfumo huo huhitaji kusasishwa programu kwanza. Kama mnaelewana, gawaneni chaneli kabla ya sherehe. Maneno mawili mlangoni yanatosha.

Masafa yamejaa. Wi-Fi ya hoteli, vifaa vya kurusha video bila waya, maikrofoni za aina fulani na Bluetooth zote zinaishi GHz 2.4. Triga kama Godox XPro zina kipengele cha kutafuta chaneli tulivu. Kitumie ukiwa ndani ya ukumbi, vifaa vya DJ na vya video vikiwa vimeshawashwa. Ukihama kwa kubahatisha, ruka mbali: kutoka 1 nenda 20, kwa sababu chaneli 2 iko jirani na kelele zilezile. Na simu inayogawa intaneti usiiweke mfuko wa shati chini ya triga.

Vimekaribiana mno. Hili huwashangaza watu. Flashi ikiwa chini ya mita 1 hivi kutoka kwenye triga, ujumbe huwa mkali kupita kiasi na risiva hushindwa kuusoma. Anayepiga bidhaa mezani hulipata hili kila mara. Triga za Godox XPro na X2T zina mpangilio wa umbali, 0–30 m au 1–100 m, weka 0–30. Flashi za mezani zinataka hiyo, za ukumbi mkubwa zinataka ile nyingine, na ukisahau kuirudisha utalaumu betri.

Betri za triga zimechoka. Kioo chake bado kinawaka vizuri, ila ujumbe inaoutuma umefifia. Dalili ni flashi kuitikia mita 3 na kukataa mita 10. Weka mbili mpya kabla ya kila kazi. Zilizotoka zitafaa kwenye saa ya ukutani.

Flashi imelala. Kila flashi ina saa ya usingizi. Wakati wa hotuba ndefu hupigi picha, nayo inasinzia. Zima usingizi kwenye menyu ya flashi, au bonyeza shata nusu kila baada ya muda.

Ili kujua kama umeponya tatizo au limenyamaza tu, kuna kipimo kimoja cha haki. Weka flashi pale itakapokaa, shusha nguvu hadi 1/16 ili kujaa kusiingilie matokeo, simama mbali kabisa utakapofika siku hiyo, piga shata mara 20 kwa nafasi ya sekunde mbili mbili. Hesabu. Ikiwaka 20, endelea. Ikiwaka 18, mbili zile zitakukosesha pete. Badilisha kitu kimoja, urudie: kwanza betri za triga, kisha chaneli, kisha urefu wa stendi. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kilichokuponya, na wiki ijayo utaanza upya.

*Vipuri.* Triga ya pili ya mfumo uleule, siyo ya kampuni nyingine. Kuwa zote ni GHz 2.4 hakuzifanyi zielewane. Na triga hununuliwa kwa kiti cha kamera: ya Canon ukiiweka kwenye Nikon, TTL na HSS usivitarajie.

*Inamfaa nani.* Harusi, mikutano, picha za nje, mtu yeyote mwenye flashi mbili au zaidi zilizo mbali naye na aliye tayari kufika mapema kuzipima.

Chakula cha flashi, kwa vyovyote utakavyochagua

Njia yoyote kati ya hizo itaonekana mbovu ikiwa flashi ina njaa. Betri nne za AA za kuchaji aina ya NiMH zimeandikwa volti 1.2, na mtu hudhani alkalini ya 1.5 ina nguvu zaidi. Flashi inataka mkondo mwingi kwa muda mfupi, na hapo NiMH huipita alkalini kwa mbali: hujaa haraka, na hudumisha kasi hiyo. Zile za bei poa kabisa za redio na tochi usizipeleke kazini. Betri nne ziishi pamoja: ziandike A1 hadi A4, B1 hadi B4, zichajiwe pamoja, zitolewe pamoja. Moja iliyochoka kati ya nne huzivuta zote. Na zile za lithiamu zenye umbo la AA lakini volti 3.7 usithubutu, nne zake ni volti 14.8 kwenye kifaa kinachotarajia 5 au 6.

Flashi za pakiti ya lithiamu hazina habari hizo. Godox V860II, kwa maelezo ya mtengenezaji, hutoa mapigo 650 ya nguvu kamili kwa chaji moja na kujaa kwa sekunde 1.5. Ila pakiti hainunuliki kiosko cha jirani saa tatu usiku, na ikianza kuvimba uistaafishe siku hiyohiyo. AA zinamfaa anayefanya kazi mbali na mjini au mara chache. Pakiti inamfaa mwenye harusi kila Jumamosi. Flashi za studio za kuchomeka ukutani hazichoki, lakini ukumbi wenye jenereta na muziki mzito hauna umeme uliotulia. Usichomeke kwenye kamba moja na DJ.

Joto nalo hugomesha. Vitabu vya flashi nyingi ndogo vinataja mapigo 30 hivi mfululizo ya nguvu kamili, kisha mapumziko ya dakika 10 hivi, na flashi ikijihisi moto hujirefushia muda wa kujaa au hujifunga. Badala ya nguvu kamili, 1/1, kwa ISO 400 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), panda ISO 1600 ushuke nguvu ya 1/4: mwanga wa picha ni uleule, flashi inafanya robo ya kazi.

Kwa hali yako

*Studio ya pasipoti, stendi mbili, chumba kimoja.* Waya kwa flashi kuu, jicho la S1 kwa ya pili. Hakuna betri za triga za kukumbuka.

*Ukumbi wa harusi, wapiga picha zaidi ya mmoja.* Redio yenye ID, pakiti za lithiamu, kipimo cha mapigo 20 kabla wageni hawajaingia. Jicho libaki limezimwa.

*Ukumbi uleule, redio imekufa katikati ya kazi na flashi ni zako tu.* Geuza za stendi ziwe S1, weka flashi ya kawaida juu ya kamera kwenye M, 1/32, kichwa kikitazama dari. Jicho lisipoitikia, panda 1/16. Sekunde 40, na picha zinaendelea.

*Ufukweni jua likiwa kali.* Redio yenye HSS. Kama msaidizi anashika flashi karibu yako, waya wa TTL unatosha na hauna la kukosea. Vifaa vikitoka kwenye gari au chumba chenye kiyoyozi, viache ndani ya begi lililofungwa dakika 20 hadi 30, visitoke jasho kwenye pini.

*Bidhaa mezani.* Waya kwanza. Ukitaka redio, mpangilio wa 0–30 m.

*Unaanza, una 1500D au mwenzake.* Flashi ndogo ya kamera na jicho vinakutosha kujifunza bila kununua triga: M na S1 kamera ikiruhusu, isiporuhusu S2. Ukifikia kununua, triga itakayoikubali kamera hiyo ndiyo ya kutafuta, hata ikibidi kusubiri.

*Umerithi flashi ya zamani.* Ipime volti kwanza. Iwashe ikae robo saa bila kupigwa, kisha piga machache kwa nguvu ndogo. Kapasita iliyolala miaka inataka kuamshwa taratibu. Ikizidi kikomo cha kamera, isiguse kamera kwa waya kamwe: ipe kijicho cha kuchomeka chenye kikomo kinachoizidi.

*Unasafiri na begi moja na redio ndiyo tegemeo lako.* Tafuta pa kuweka waya wa mita 5, umeviringishwa kwa duara pana bila fundo, ncha zote mbili zimefunikwa kwa utepe.